Shajara ya studio ya picha Ngamiani, Tanga: mwaka wa kwanza

Kabla ya kufungua nilitafuta mtu aliyeandika gharama zake za kweli, kwa shilingi, pamoja na alikoharibu. Sikumpata. Nilichokuta ni video za watu wenye studio pana kama ukumbi wa mikutano. Basi naandika mimi, kila hatua inapokamilika. Anayetaka kuiga aige, anayetaka kucheka acheke. Mimi ni mpiga picha wa kike, nimebeba mikoba ya wapiga picha wengine harusini kwa miaka minne. Msaidizi wangu ni mdogo wangu wa kiume, kamaliza kidato cha nne.

4 Novemba 2023: Fremu

Nimepata fremu Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, katikati ya muuza vyombo vya plastiki na fundi cherehani. Kodi sh 120,000 kwa mwezi, miezi sita mkononi, na dalali kachukua ya mwezi mmoja kama kawaida yao. Rangi na kuongeza soketi tatu: sh 95,000. Kamera ninayo, Canon 6D ya mtumba, na lenzi ya 50mm f/1.8.

Kosa la kwanza: nilipima chumba kwa macho. Kikiwa kitupu kilionekana kikubwa. Urefu wake ni mita 4.6. Mteja lazima akae kama mita 1.2 mbele ya pazia, la sivyo kivuli chake kinamlalia nyuma. Mimi na mgongo wangu tunakula nusu mita. Zinabaki mita 2.9 kati ya lenzi na mtu. Na mimi nilikuwa nimeshatangulia kununua lenzi ya 85mm f/1.8 kwa sh 550,000, kwa sababu kila mtu anaisifia kwa sura.

Hesabu yenyewe ni hii, ifanye kabla hujamlipa dalali: umbali zidisha kwa 36, gawa kwa namba ya lenzi (ile ya mm), unapata kimo kinachoingia kwenye picha. Hiyo ni kwa kamera yenye sensa kubwa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ikiwa imesimamishwa wima. Kwangu 85mm inanipa mita 1.23, yaani kichwa hadi mapajani. 50mm inanipa mita 2.09, mtu mzima anaingia na viatu vyake. Ili nimpige mtu mzima kwa 85mm nilihitaji mita tano na ushee, na mita hizo ziko barabarani, wanakopita bodaboda. Lenzi ya bei imekuwa ya nusu mwili, na ile ya bei rahisi ndiyo inayofanya kazi kutwa.

Vitu vingine: printa ya tangi yenye wino wa rangi sita sh 850,000, taa mbili za Godox za wati 400 na softboksi zake, yaani vifuniko vya kitambaa vya kulainisha mwanga, sh 780,000. Milioni moja kati ya hizi ni mkopo wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa.

19 Novemba 2023: Pazia

Nilichapisha bango la maporomoko ya maji kwa sh 45,000. Linang'aa. Ukiwasha taa, katikati ya maporomoko inatokea mbalamwezi. Nimelikunja, sasa mdogo wangu analitumia kufunikia pikipiki.

Nikamkumbuka Seydou Keïta wa Bamako. Alipofungua studio yake mwaka 1948 pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani, na leo picha zake zinatundikwa makumbusho. Mimi nina kanga za mama kabati zima. Nikachukua doti moja, nikaunga vipande viwili, kimoja juu ya kingine, pazia likawa na kimo cha mita mbili na kidogo. Pindo zuri, nyekundu na nyeusi. Siku hiyo hiyo wakaja wachumba wanataka picha ya kadi ya harusi. Nikawakalisha, nikapiga, nikawachapishia, wakalipa, wakaondoka.

Jioni bwana akarudi peke yake na bahasha. "Dada, umesoma hii?" Sikuwa nimesoma. Unapounga kanga mbili namna ile, jina la kanga ya juu linaangukia katikati ya pazia, na aliyekaa kwenye stuli kichwa chake kinafika palepale. Juu ya kichwa cha bwana harusi mtarajiwa, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Nimewapiga upya bila malipo. Nimenunua kitambaa cha suti cha kijivu na vitenge viwili, kwa sababu kitenge hakina jina: sh 60,000. Kanga nimeziacha kwa picha za akina mama wanaozitaka wenyewe, na wanachagua jina wao.

2 Desemba 2023: Pasipoti

Bei: picha nne sh 3,000, nane sh 5,000. Karatasi ya 4R, ya inchi nne kwa sita, inabeba nane. Nilidhani hii ndiyo kazi ya kitoto. Imenirudishia wateja sita ndani ya wiki mbili.

Wa kwanza wawili, weupe wa nyuma ulitoka kijivu. Wanaoomba pasipoti yetu wanataka bluu hafifu, lakini viza nyingi zinataka nyeupe, na nyeupe kwa macho siyo nyeupe kwa kamera. Taa iko mita moja kutoka usoni na mita mbili na nusu kutoka ukutani. Mwanga unaofika ukutani ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa usoni. Ukuta unahitaji taa yake. Taa ya pili nimeigeuzia ukutani, na usoni nimeongeza ubao mweupe wa povu upande wa pili ili shavu lisizame gizani.

Wanne waliobaki wamerudishwa kwa sababu ya vipimo, na hapa nilihangaika siku tatu. Kwenye kompyuta picha ni sentimita 3.5 kwa 4.5 kamili. Ikitoka, inazidi kidogo. Kumbe nilikuwa nachapisha bila ukingo mweupe, na printa ikiambiwa isiache ukingo inaivuta picha nzima kidogo ili wino uvuke pembe za karatasi. Kichwa nacho kinakua. Sasa nachapisha na ukingo, nimezima kile kipengele cha kulinganisha na karatasi, na kila asubuhi karatasi ya kwanza naipima kwa rula. Rula ya shule, sh 500, ndicho kifaa kilichookoa pesa nyingi kuliko vyote humu ndani.

Viza ya Marekani ina yake: inchi mbili kwa mbili, na miwani hairuhusiwi tangu 2016. Watu wanabisha sana kuhusu miwani.

17 Desemba 2023: Mgao, na harusi ya kwanza kwa jina langu

Mgao wa umeme umenifundisha kwamba taa za studio bila umeme ni mapambo. Kuna siku nimefungua saa mbili asubuhi na umeme umerudi saa kumi jioni. Nimenunua flashi mbili za betri, Godox TT600, sh 380,000 pamoja na betri za kuchaji. Zinawaka ndani ya softboksi zilezile. Nguvu ni ndogo, lakini kwa pasipoti zinatosha na zaidi. Ningeanza na hizi, taa kubwa ningezinunua mwaka wa pili.

Jana nimepiga harusi, kanisani kisha ukumbini. Bei sh 500,000. Kanisani padri kakataza flashi wakati wa ibada, sawa, madirisha yalikuwa makubwa. Tatizo likawa shela. Kamera inapoona shela jeupe limejaa inadhani kuna mwanga mwingi, inaupunguza, na bibi harusi mwenye ngozi nyeusi kama yangu anakuwa kivuli chenye meno. Nikaacha kuiamini, nikaweka mwanga kwa mkono nikipima uso, nikaangalia tu nakshi za shela zisiungue, yaani zisipotelee kwenye weupe.

Ukumbini ndiko nilikoaibika. Dari limefunikwa vitambaa vya zambarau. Nimezoea kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi umelainika; ulirudi umelainika, na wa zambarau. Maharusi, wapambe, keki, mbuzi wa ndafu, wote zambarau. Halafu picha nyingi zina michirizi ya giza inayokata ukumbi kama pazia la vipande. Hiyo ni taa za LED: umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu zinazofuata umeme huo zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Nilikuwa kwenye 1/180 ya sekunde, kasi ya juu kabisa ambayo 6D inakubaliana na flashi. Nimejaribu leo kwenye taa za namna hiyo: 1/100, michirizi imekwisha. Taa za jukwaani za kubadilisha rangi zina mapepeso yao, hizo hata 1/100 haizitibu zote. Unapiga ya majaribio, unaangalia, unasogeza.

Zambarau kuitoa naona kutanila siku nne za kuediti. Kuanzia sasa nakwenda kuona ukumbi siku moja kabla, na flashi moja naiweka kwenye stendi pembeni ya jukwaa, mwavuli mweupe mbele, dari lifanye linavyotaka.

31 Januari 2024

Shule zimefunguliwa. Wateja wa pasipoti 214, mapato sh 758,000. Harusi: moja. Mama mwenye fremu kapita akasema, "Mwanangu, naona foleni." Nimemwamkia na kumuomba asiione sana.

24 Machi 2024: Njaa

Kwaresima imeanza 14 Februari, Ramadhani ikaingia kabla Kwaresima haijaisha. Wakristo hawaozi, Waislamu hawaozi. Harusi mwezi huu: sifuri. Hakuna nilichokosea isipokuwa kutotazama kalenda kabla ya kukopa. Anayefungua studio pwani aweke akiba ya kodi ya miezi mitatu kwa ajili ya majira haya, kwa sababu mwakani Kwaresima na Ramadhani zinakutana tena. Muda huu nimeutumia kutengeneza mkataba wa ukurasa mmoja, na kuwapiga wazee wa mtaa bila malipo kwenye kitambaa cha kijivu. Hao wazee ndio wamejaza dirisha langu.

23 Aprili 2024: Kadi

Idi ilikuwa tarehe 10, na mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, umefungua milango yote kwa pamoja. Jumamosi ya tarehe 20 nilikuwa na harusi kubwa kuliko zote, sh 650,000. Asubuhi nikapiga nyumbani kwa bibi harusi. Mchana picha za familia ya bwana. Baada ya alasiri akdi, yaani kufunga ndoa yenyewe, msikitini. Nikampa mdogo wangu 6D, kule ndani ni kwa wanaume, mimi nikabaki na wanawake na kamera ya kuazima.

Usiku nikaingiza kadi kwenye kompyuta. Faili zote zipo, 1,688, kila moja na uzito wake. Nikaanza kupitia. Picha ya 1,190: bwana harusi kakaa mkekani, kanzu imenyooka, ananyoosha mkono kumpa walii, anayemwozesha bibi harusi. Ya 1,191: kijivu kitupu. Ya 1,192 kijivu. Nikashuka hadi ya mwisho. Picha 498, zote kijivu.

Nikamwamsha mdogo wangu. Akaapa kwamba kila picha aliiona kwenye kioo cha kamera alipoipiga, na kweli aliiona. Kamera inapomaliza kupiga inakuonyesha picha iliyo kwenye kumbukumbu yake yenyewe, siyo iliyofika kwenye kadi.

Usiku ule nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya kufukua faili zilizopotea. Ikafanya kazi hadi alfajiri, ikaniletea picha zilezile 1,190. Hapo nikashtukia. Kama picha zingefutika, ingezipata hata vipande. Jumapili nikaazima kompyuta yenye programu ya H2testw: inaijaza kadi mpaka ukingoni, kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Kadi imeandikwa 128GB. Kilichomo ni kama 30: kadi feki. Nilivyoinunua nilisema nimepata bei. Nimeitumia miezi mitano bila tatizo kwa sababu kila kazi naanza kwa kuifomati, na hakuna siku niliyopita picha 1,190. Kila moja ni kama megabaiti 25, zidisha mwenyewe. Harusi hii nilikuwa nafyatua ovyo kwa furaha ya malipo. Zile 498 hazikupotea, hazikuandikwa popote.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wazazi wa bibi harusi. Sikupiga simu. Baba mtu kanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akaniuliza swali moja: "Hata ya mkono?" Nikamwambia ya mkono ipo ukinyooshwa, ukishikwa haipo. Mama mtu ndiye aliyelia. Nimerudisha sh 300,000, na albamu nitachapisha kwa gharama zangu. Mjomba wa bwana harusi, Mungu ambariki, kapiga simu kwa vijana waliokuwa msikitini na simu zao. Hadi sasa zimefika picha 212 na video fupi sita. Ukiomba picha kwa WhatsApp waambie watume kama faili, siyo kama picha. Ikitumwa kama picha inasagwa na haifai kuchapishwa kubwa. Mkono umepatikana kwenye video ya mtu aliyekuwa nyuma ya nguzo. Nimetoa picha moja kwenye video hiyo, ina chembechembe, imeingia albamuni.

Yaliyobadilika kuanzia leo: kadi yoyote mpya inajaribiwa kwanza, ya 64GB inachukua kama dakika arobaini. Kila kipindi cha harusi kina kadi yake, akdi haichangii kadi na kitu kingine. Na lazima nipate kamera ya kurekodi kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. 6D ina tundu moja tu.

14 Mei 2024

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zimekatika juzi Jumapili, mtandao unakwenda kwa kusuasua. Nilikuwa nimeahidi kutuma picha za harusi mbili kwa linki. Mdogo wangu kazipeleka kwa flashi diski, moja Pongwe, moja Muheza, nauli na flashi sh 41,000. Wateja wamefurahia flashi kuliko linki. Nimeingiza flashi kwenye bei moja kwa moja.

30 Juni 2024: Picha za wanawake

Kamera imepatikana: Canon 5D Mark III ya mtumba, sh 1,900,000, mkopo wa pili wa kikoba. Ina tundu la CF na la SD. Kadi ya CF na kisomeo chake vimenila sh 210,000 zaidi. Ijulikane tu kwamba upande wa SD ni mzito, ukirekodi kote kuwili kamera inapunguza mwendo. Nimeshapunguza kufyatua, hainisumbui.

Lililonisumbua mwezi huu halihusu kamera. Kwa kuwa mimi ni mwanamke napata kazi ambazo wanaume hawaingii: kitchen party, singo (kumsugua bibi harusi kwa manukato), kesha la bibi harusi. Mlango unafungwa, mabaibui yanavuliwa, somo, mwalimu wa bibi harusi, anasema yake, na mimi nipo ndani na kamera. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na sikuwa nimefikiria picha zinakwenda wapi baada ya pale.

Zilikuwa zinakwenda kwa kijana wa kuediti, sh 60,000 kwa harusi, ana kibanda chake mjini. Kijana mzuri, mkono wake msafi. Wiki iliyopita shangazi wa bibi harusi kaenda kwenye kibanda hicho kutoa kopi ya fomu. Kwenye kioo cha kompyuta, kikubwa, kinachoonekana kutoka barabarani, mpwa wake yuko na kanga kifuani, mabega wazi, anapakwa liwa. Wanaume wawili wamekaa benchi wanasubiri zamu yao.

Kaja studio akiwa mtulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele. Nikamwamkia shikamoo shangazi. Akaitikia, akakaa, akasema: "Mwanangu, nimekuja kukuuliza kwa adabu. Tulimfungia mlango mjomba wake. Tukamfungia kaka yake. Wewe umemfungulia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema samahani, na nilisema hivyo mara nyingi. Nikaenda naye kibandani, tukasimama wote wawili mpaka kijana alipofuta folda na kumwaga kikapu cha taka cha kompyuta. Kijana naye aliona aibu. Kosa halikuwa lake, sikumwambia hata siku moja kwamba picha zile ni za ndani.

Utaratibu mpya, nimeuandika kwenye mkataba. Picha za shughuli za wanawake naziediti mimi mwenyewe, usiku, nyumbani. Zina hadi diski yao yenye nenosiri. Hazichapishwi kwa mtu mwingine. A4 natoa kwa printa yangu, anayetaka kubwa zaidi anavumilia. Haziingii stetasi, haziingii dirishani, hata zikiwa nzuri kiasi gani. Mteja akishapokea, siku 60, nafuta, na namtumia ujumbe kwamba nimefuta. Mdogo wangu hagusi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na inafaa kuisoma, ila mimi sikusukumwa na sheria, nilisukumwa na lile swali la shangazi.

Gharama: ninaediti mpaka saa nane usiku, na nimepunguza harusi kutoka nne kwa mwezi hadi tatu. Bei ya shughuli za wanawake nimeipandisha kwa sh 80,000. Hakuna aliyelalamika. Wawili wamekuja wakisema wametumwa na shangazi yule.

18 Agosti 2024: Fangasi na mweka hazina

Masika imepita, nikatoa ile 85mm kumpiga mzee mmoja, picha zote zina utusitusi kama kuna moshi. Nikamulika tochi ndani ya lenzi: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fangasi. Unyevu wa Tanga na mkoba wa ngozi uliofungwa miezi miwili. Fundi kasafisha kwa sh 60,000, alama ndogo imebaki ukingoni. Sasa lenzi zote ziko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, chembe za silika ndani na kile kipimo kidogo cha unyevu. Nalenga kati ya asilimia 40 na 50. Chembe zikibadilika rangi nazikaanga kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Jumla sh 38,000. Mkoba ni wa kubebea, si wa kutunzia.

Kamati za harusi sasa. Nimekuwa nikichukua nusu kama kianzio na nusu "baada ya shughuli". Baada ya shughuli hakuna kamati. Kuna watu waliochoka, mwenyekiti anakwambia muulize mweka hazina, mweka hazina anakwambia ukumbi umezidi bajeti, na bwana harusi yuko fungate na simu imezimwa. Nadai harusi mbili, sh 525,000 kwa jumla. Nilijaribu kuzuia picha mpaka walipe. Wakakasirika maharusi, ambao ndio wasio na kosa, na jina langu likatembea vibaya wiki mbili.

Sasa nachukua nusu siku ya kuandikisha tarehe, na iliyobaki Jumatano kabla ya harusi, wakati michango bado inaingia na mweka hazina bado anapokea simu. Kati ya harusi tano tangu nianze hivi, nne zimelipa Jumatano, moja Ijumaa usiku.

30 Novemba 2024: Hesabu, na mahafali

Hadi 31 Oktoba, miezi kumi na miwili. Pasipoti na picha ndogondogo, nikiondoa karatasi na wino: sh 3,610,000. Harusi 17 zimeingiza sh 9,350,000. Nikiondoa albamu, msaidizi, usafiri, pesa nilizorudishia wateja na madeni yaliyokufa, zimebaki sh 5,250,000. Kodi ya fremu sh 1,440,000. Vifaa vyote pamoja na bango la maporomoko sh 5,153,000. Dalali, rangi na soketi sh 215,000. Umeme, leseni na mamlaka ya mapato sh 690,000. Mkononi sh 1,362,000, na bado nina marejesho ya kikoba ya miezi minne. Pasipoti ndiyo iliyolipa kodi ya fremu kila mwezi bila kukosa. Harusi imeleta pesa kubwa, na kila hasara kubwa iliyomo humu imetoka kwenye harusi.

Tarehe 16 nilipiga mahafali ya chekechea, shule moja, watoto 96, kila mmoja peke yake na joho na kofia, sh 5,000 kwa picha. Mwalimu kanipa orodha ya majina, tukapanga foleni kwa orodha. Kufika mtoto wa 23, mmoja kaomba kwenda chooni, aliyemfuata kasogea, na mdogo wangu akaendelea kuweka alama kwenye majina. Kuanzia hapo kila mtoto kapewa jina la mwenzake. Nimeligundua baada ya bahasha 30 kutoka. Kuna mama alifungua bahasha, akamtazama mtoto wa pichani, akamtazama mwanawe, akaniuliza huyu wa nani.

Mwalimu alikuja studio baada ya kazi, tukakaa naye mbele ya kompyuta saa mbili nzima, anataja majina, naandika. Mwakani kila mtoto ataanza kwa picha ya kushika karatasi yenye namba, namba hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye orodha, aende chooni mara ngapi apendavyo.

Lakini kwenye kompyuta watoto walikuwa 98. Wawili mwalimu hawajui. Inaelekea walikuja na kaka au dada zao, wakaona foleni, wakapanga, wakavishwa joho kama wengine. Nimewachapisha nao. Bahasha zao ziko rafuni juu ya printa: mmoja hana meno ya mbele, mwingine joho linaburura na kofia imemfunika jicho moja. Mwalimu amewatangaza mstarini mara mbili. Hajatokea mtu.